Salisbury, Heligoland na Zanzibar: nani alimpa nani nini mwaka 1890

Karibu kila aliyesoma historia ya sekondari Afrika Mashariki ana sentensi moja aliyoikariri: mwaka 1890 Mwingereza alimpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland, Mjerumani akampa Mwingereza Zanzibar. Kwenye mtihani sentensi hiyo inapata alama. Kwenye ukweli inapwaya, kwa sababu Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kumpa mtu. Zanzibar ilikuwa na mwenyewe, Sultani Ali bin Said, aliyekalia kiti Februari mwaka huohuo, na tangu 1862 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeandikiana kwamba zitaheshimu uhuru wa dola yake. Basi Uingereza ilitoa kisiwa ili ipewe nini?

Mwenye jibu ni Robert Arthur Talbot Gascoyne-Cecil, Marquess wa tatu wa Salisbury, ambaye mwaka ule alikuwa Waziri Mkuu na papo hapo Waziri wa Mambo ya Nje. Mapatano yale yalikuwa yake kuliko ya baraza lake la mawaziri. Ukiyasoma bila kumjua, utadhani ni mchezo wa watoto. Ukimjua, kila kifungu unakiona na sababu yake, hata pale ambapo sababu yenyewe ni mbovu.

Mtu wa Hatfield

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini mwa London, makao ya ukoo wa Cecil tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Wazee wa ukoo huo waliwahi kuwa washauri wakuu wa Malkia Elizabeth I. Mali ilikuwapo, furaha haikuwapo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Shuleni Eton wenzake walimpiga na kumtesa mpaka baba akamtoa akiwa na miaka 15, akasomeshwa nyumbani, muda mwingi akishinda maktaba. Chuo Kikuu cha Oxford alikiacha mapema kwa sababu ya afya, madaktari wakashauri safari ya bahari, na kuanzia 1851 akazunguka Afrika Kusini, Australia na New Zealand.

Aliporudi aliingia bungeni mwaka 1853 kwa jimbo la Stamford, bila mpinzani. Kwa vijana wa koo zile ndivyo mambo yalivyokwenda. Kilichomtenga na wenzake ni ndoa. Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji, ingawa baba yake alipinga kwamba binti huyo si wa hadhi yao. Robert hakuwa mtoto wa kwanza wa kiume, urithi haukuwa wake, na kwa miaka kadhaa mtoto huyu wa lodi alilisha familia kwa kuandika makala katika majarida. Kalamu yake ilikuwa kali, isiyomwogopa mkubwa wa chama chake mwenyewe. Kaka yake alipofariki 1865 urithi ukamwelekea yeye, na baba alipofariki 1868 akapata cheo, Hatfield yote, na kiti katika Baraza la Malodi. Huko alikaa mpaka mwisho, na hakuna Waziri Mkuu aliyemfuata aliyeongoza nchi kwa kipindi chake chote akiwa katika baraza hilo.

Kabla ya hapo yalimkuta mambo mawili yanayosaidia kuuelewa mwaka 1890. La kwanza ni njaa ya Orissa. Mwaka 1866 aliteuliwa Waziri wa India akiwa na miaka 36, akaambiwa na maofisa kwamba hali ya chakula kule si mbaya sana. Akawaamini, akakaa miezi miwili bila kuchukua hatua. Msimu wa mvua ukafunga bandari, msaada haukuweza kufika, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walikufa. Hakujisamehe. Tangu hapo alikuwa mtu wa kutilia shaka kila anayejiita mtaalamu. Mwaka 1877 alimwandikia Lytton, mwakilishi wa Malkia kule India, kwamba ukiwasikiliza madaktari hakuna kilicho salama kuliwa, na ukiwasikiliza wanajeshi hakuna mahali palipo salama.

La pili ni tabia yake ya kungoja. Katika barua nyingine kwa Lytton mwaka huohuo aliieleza siasa ya nje ya Uingereza kuwa ni kuelea taratibu na mkondo, mara mojamoja ukitoa upondo ili chombo kisigonge. Aliitaja hivyo kwa kebehi, lakini yeye mwenyewe aliendesha mambo vilevile. Wengi wa rika lake walipenda kuonekana wakitenda. Yeye alipenda kukaa Hatfield, ambako alikuwa na maabara yake ya kemia na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa Uingereza kuweka taa za umeme nyumbani. Nyaya zile zilikuwa za kubahatisha, na jioni moja ubao wa juu ya ukumbi mrefu ulianza kuwaka. Familia ikarusha mito ya makochi mpaka moto ukazimika, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Huyo ndiye mtu aliyekuwa na mafaili ya Zanzibar mezani.

Mwanzoni mwa 1890

Mipaka ilikuwa imeshachorwa nusu. Mwaka 1886, serikali ya Salisbury ikiwa madarakani, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukipinda kuuzunguka Kilimanjaro. Kusini Mjerumani, kaskazini Mwingereza, na Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kusimamia pwani hiyo kwa niaba ya Sultani, watu wa mrima walisimama. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na baada yake hakuna aliyeamini tena kwamba bendera ya Sultani ilikuwa na nguvu kusini ya Umba.

Mstari wa 1886 ulikuwa na upungufu: uliishia ziwani. Nani atachukua Buganda? Nani atachukua nchi za magharibi ya ziwa? Na upande wa kaskazini, Ujerumani ilikuwa na Witu, usultani mdogo karibu na Lamu uliokuwa chini ya ulinzi wa Kijerumani tangu 1885. Kutoka Witu, Mjerumani angeweza kupanda na mto Tana na kutokeza nyuma ya Waingereza. Ndicho alichokifanya Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni. Alipita njia hiyo, akafika Buganda mapema 1890, akatiliana saini na Kabaka Mwanga. Mwezi Aprili Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, aliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu, safari hii akiwa na bendera ya Kijerumani. Mwezi huohuo Stanley, mvumbuzi mashuhuri wa Afrika, alirudi London na kuanza kuhutubia kumbi zilizojaa, akiishutumu serikali kwamba inalala wakati Afrika inagawanywa.

Salisbury hakuwa na mapenzi na Afrika, na hoja hii ni muhimu kwa sababu kuna wanaomchora kama mroho wa makoloni. Alichokuwa akikiangalia ni Misri. Mwaka 1889 alikuwa ameshakata shauri kwamba majeshi ya Uingereza hayataondoka huko karibuni. Ukishaamua kukaa Misri, unauangalia mto Nile, na ukiuangalia unafika Uganda. Kwa hesabu yake, bonde lote la Nile lilipaswa kuwa mbali na mikono ya dola nyingine ya Ulaya. Zanzibar, Witu na pwani ya kaskazini ya Umba vilikuwa mlango wa kuingilia Uganda.

Tena mkondo ulikuwa umegeuka. Machi 1890 Kaisari Wilhelm II alimwondoa Kansela Bismarck. Kansela mpya, Caprivi, alikuwa jenerali asiyejali makoloni, aliyetaka urafiki na Uingereza haraka. Na Kaisari kijana alikuwa anachimba mfereji wa Kiel ili manowari zake zipite kutoka Baltiki hadi Bahari ya Kaskazini. Mbele ya midomo ya mito Elbe na Weser kilikaa kisiwa cha mwamba mwekundu chenye watu wapatao elfu mbili, wengi wao wavuvi na wenye nyumba za kupangisha wageni wa kiangazi. Ndicho Heligoland, mali ya Uingereza tangu ilipokiteka mwaka 1807.

Mei na Juni

Salisbury alimwita balozi wa Ujerumani, Hatzfeldt, katikati ya Mei. Alitaja madai yake Afrika, akataja anachotoa: Heligoland. Ujanja haukuwa kwenye bei, ulikuwa kwenye wakati. Bismarck angekaa nacho mezani, akakizungusha, akakifunga na mambo mengine kumi. Caprivi na Kaisari walikuwa na hamu, na hamu yao ilionekana. Sir Percy Anderson wa Wizara ya Mambo ya Nje alikuwa Berlin akijadiliana na Dokta Krauel juu ya vifungu vya Afrika, na kila Mjerumani alipong'ang'ania, kisiwa kilikuwa pale kumlainisha.

Mkataba ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Ujerumani iliachia Witu na pwani yote mpaka Kismayu, ikaondoa mkono Uganda, na ikakubali kutopinga Uingereza kuziweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wake. Mstari wa mpaka ukaendelezwa kukata ziwa kwenye digrii moja kusini ya ikweta mpaka Kongo. Kwa malipo hayo Ujerumani ilipata Heligoland, ahadi kwamba Uingereza itamshawishi Sultani awauzie kabisa pwani kutoka Umba hadi Ruvuma pamoja na kisiwa cha Mafia, na kule kusini-magharibi ukanda mwembamba wa kufikia mto Zambezi, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina la Caprivi.

Soma tena upande wa Ujerumani. Zaidi ya Witu, karibu vyote ilivyoachia ni madai, pingamizi na karatasi ya Peters. Salisbury alitoa ardhi halisi, akapokea ukimya. Kwa wakati ule ukimya wa Berlin ulikuwa na thamani kuliko mwamba wa wavuvi, na hapo ndipo sentensi ya vitabu vya shule inapopotosha. Peters alilia kwamba falme zimebadilishwa kwa beseni la kuogea, na hasira za wenzake zilizaa mwaka 1891 chama cha wazalendo wakali kilichoisumbua Ujerumani kwa muda mrefu.

Palikuwa pia na kitu ambacho Salisbury alikiacha kwa makusudi. Stanley na Sir William Mackinnon wa IBEA, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, walitaka ukanda nyuma ya eneo la Wajerumani, ili nchi za Kiingereza ziungane kutoka Cape hadi Cairo. Wajerumani walikataa katakata. Salisbury aliwaambia Malodi kwamba haoni nafasi mbaya kuliko kumiliki kijia chembamba katikati ya Afrika, miezi mitatu kutoka pwani, kimebanwa na dola yenye nguvu upande huu na nyingine upande ule. Nadhani alikuwa sahihi, na ni mfano mzuri wa mtu anayejua kitu gani hakitaki.

Lakini ni yuleyule aliyewaambia Malodi mwaka 1877 kwamba hofu nyingi zinatokana na watu kutumia ramani ndogo, watafute kubwa. Mkataba wake umebeba kifungu kuhusu mlima Mfumbiro: hata ukigundulika uko kusini ya mstari, mstari upinde ili mlima ubaki kwa Mwingereza. Hakuna aliyejua ulipo. Ulikuwa umesikika kwa wasafiri, na baadaye ikaonekana kwamba jina hilo ni la msururu wa volkano ambako leo zinakutana Uganda, Rwanda na Kongo. Ubishi juu yake ulimalizika mwaka 1910. Salisbury mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hili Agosti 1890, katika karamu ya Meya wa London: tumekuwa tukipeana milima, mito na maziwa, alisema, kikwazo kidogo kikiwa kwamba hatukujua hasa yako wapi. Hadhira ilicheka.

Wasioulizwa

Malkia Victoria hakucheka. Alipopelekewa habari ya Heligoland alipinga: watu wa kisiwa ni watiifu kwake, itakuwaje wakabidhiwe Ujerumani bila hata kuulizwa? Na kutoa kitu ulicho nacho, alisema, ni jambo baya daima. Jibu la baraza la mawaziri linaonyesha dunia ya Salisbury kuliko hotuba zake zote. Kuwauliza wenyeji ni hatari, kwa sababu ukikubali kwamba watu wa kituo cha dola wana haki ya kuamua, kesho watadai hivyohivyo watu wa Gibraltar, Malta, Cyprus na hata India. Malkia akakubali shingo upande. Watu wa Heligoland walipewa afueni: waliotaka kubaki raia wa Uingereza walikuwa na muda mpaka mwisho wa 1891, na waliokwisha kuzaliwa hawakulazimishwa kuingia jeshi la Kijerumani. Tarehe 10 Agosti 1890 Kaisari alishuka kisiwani mwenyewe.

Wafaransa waliulizwa, kwa kuchelewa. Tamko la 1862 lilikuwa bado hai, Paris ikalikumbusha. Tarehe 5 Agosti wakapozwa kwa kutambuliwa Madagascar na sehemu kubwa ya Sahara. Salisbury akawaeleza Malodi kwamba ardhi hiyo mkulima angeiita nyepesi sana, yaani mchanga mtupu. Mzaha huo uliwaudhi Wafaransa kwa miaka.

Sultani Ali alitia saini kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tarehe 14 Juni, wiki mbili kabla ya Berlin kukamilika, na ulinzi ukatangazwa rasmi tarehe 4 Novemba. Balozi Euan-Smith ndiye aliyemletea karatasi. Kwa macho ya sultani aliyeona pwani yake ikichukuliwa na Wajerumani kwa mizinga, kujificha chini ya Mwingereza huenda kulionekana afadhali. Mwezi Agosti alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya watumwa iliyowakasirisha sana wenye mashamba. Kwenye mapatano yake na Uingereza palikuwa na sharti kwamba mrithi wa kiti lazima akubaliwe na serikali ya Malkia.

Witu nako watu hawakuulizwa. Septemba 1890 Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na Oktoba ni manowari za Kiingereza, chini ya Admirali Fremantle, zilizokwenda kumwadhibu Sultani Fumo Bakari na kuuchoma mji. Aliyekuwa rafiki wa Mjerumani miezi michache nyuma aliadhibiwa na Mwingereza kwa damu ya Wajerumani.

Halafu fedha. Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni nne, sawa na pauni 200,000, kwa pwani ya Tanzania Bara ya leo. Zikashikwa na Waingereza. Mwaka 1895, chini ya serikali ya Rosebery, Waziri Mkuu wa wakati huo, fedha hizohizo zilitumika kuilipa IBEA iachie haki zake kwenye pwani ya Kenya, ambayo ni pwani ya Sultani mwenyewe. Yaani bei ya pwani moja ililipia kuondolewa mpangaji wa pwani nyingine, kisha mpangaji mpya, serikali ya Uingereza, akaingia. Sultani akawa anapokea pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi ya ukanda, na 6,000 kama riba ya asilimia tatu ya zile 200,000. Malipo hayo yalidumu mpaka 1963.

Sharti linapofanya kazi

Salisbury alirudi madarakani Juni 1895. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila kungoja ridhaa ya mtu. Kwa mila za ukoo alikuwa na hoja. Kwa karatasi ya 1890 hakuwa nayo. Balozi wa Uingereza, Basil Cave, alipeleka telegramu London kuomba ruhusa ya kupiga. Jibu lilimpa ruhusa ya kuchukua hatua yoyote aionayo lazima, likamwahidi kuungwa mkono, kisha likaongeza kwamba asijaribu jambo ambalo hana hakika ya kulifanikisha. Sentensi hiyo ya mwisho ni Salisbury mtupu.

Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi ya tarehe 27 na kunyamaza baada ya takriban dakika 40. Kasri ilianguka, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Wajerumani hawakumtoa. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa walimpakia kwenye mashua kutoka uani kwao moja kwa moja, asikanyage ardhi ya Unguja, wakampeleka Dar es Salaam.

Kwa hiyo mapatano ya 1890 yalimpa Salisbury alichokitaka. Je, alichokitaka kilikuwa na thamani aliyoidhani? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu moja kwa moja. Hofu yake ilikuwa kwamba adui akikaa kwenye chemchemi za Nile atainyima Misri maji. Lakini mafuriko yanayoilisha Misri hutoka kwa sehemu kubwa milima ya Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu, si Ziwa Victoria. Na katika miaka ya 1890 hakuna dola iliyokuwa na uwezo wa kubeba saruji na mitambo mpaka Jinja ili kuuziba mto, kwa sababu hata mzigo wa pembe ulikuwa unabebwa kichwani. Ili kuifikia Uganda hiyo serikali yake ilianza mwaka 1896 kujenga reli kutoka Mombasa, iliyogharimu zaidi ya pauni milioni tano na kufika Kisumu Desemba 1901. Reli ikahitaji mizigo ya kujilipia, mizigo ikahitaji wakulima, na serikali ikaanza kuwaita walowezi kwenye nyanda za juu za Kenya. Hayo Salisbury, aliyejiuzulu Julai 1902 na kufariki Hatfield mwezi Agosti mwaka uliofuata, hakuyapanga na wala hakuyaona.